Mkono wa Mama Haukuwa Mvivu



Mara nyingi tukikaribishwa hapa tunazungumza mishono: gauni la nikahi lisilobana, shungi linalokaa bila pini ishirini, rangi ya kumvalisha mama wa biharusi. Leo mtuvumilie. Tunataka kumzungumza mama yetu, na mkono wake wa kushoto, na jambo moja ambalo tulilijua tukiwa tumeshachelewa. Kila tukilisimulia dukani hakosi mteja wa kusema, "Hata shangazi yangu yuko hivyohivyo, na sisi tulimwona mvivu." Kwa hiyo tumeona tuliandike.

Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake. Tuna duka la kushona Maili Moja, Kibaha, pembezoni mwa barabara ya Morogoro. Mama yetu ni mtu wa Kisarawe. Ni mjane wa miaka mingi, ana nyumba yake, mikorosho yake michache na shamba la mihogo, na ni kungwi. Wasichana wengi wa upande ule wameingia ndani ya nyumba zao wakiwa na maneno yake masikioni. Hata kushona tulianza kwake kabla hatujaenda kwenye kozi. Alikuwa anaweza kukunja kitambaa nusu kwa nusu kwa jicho tu, ukipima hukosi.

Ilikuwa mwezi wa Rajab, miaka miwili iliyopita. Mama ana presha, na dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya na kuacha akijisikia vizuri. Alfajiri moja aliamka kwenda kutawadha, akaanguka uani. Jirani aliyemkuta aliona mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto umelegea. Wengine waliokusanyika wakasema ni upepo mbaya, asomewe kwanza. Tulipopigiwa simu jua lilikuwa limeshatoka, na mpaka mama anafika hospitali ilikuwa imekwisha adhuhuri.

Hapo dada zetu tusimame kidogo. Kisomo ni kizuri na sisi tunakiamini. Lakini kiharusi ni mshipa wa damu wa kwenye ubongo ulioziba au kupasuka, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na ikiwa picha ya kichwa imeonyesha mshipa umeziba na haukupasuka, hutolewa ndani ya saa nne na nusu za mwanzo. Ukiona uso umepinda, mkono mmoja hauinuki, au maneno yanavurugika, mpeleke hospitali saa ileile. Msomee mkiwa ndani ya gari.

Mama alilazwa siku tisa. Kwake mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo, na kwa kuwa ubongo na mwili hupishana, kilichopooza ni upande wa kushoto. Mguu ulirudi haraka. Kwa msaada wa fimbo akawa anatembea. Mkono ulibaki mzito. Lakini alikuwa anaongea! Anawajua wote, anauliza wajukuu, anasoma Yasin kwa moyo kama zamani. Tukasema, alhamdulillah, akili nzima, ni mkono tu.

Neno hilo, "ni mkono tu", ndilo lililotupoteza.

Tulimchukua Kibaha ili tuwe naye karibu. Ilikuwa Shaaban, na wanaoshona nguo za harusi wanajua Shaaban ilivyo: kila mtu anataka kuolewa kabla ya Ramadhani. Mama alikaa kwenye kiti pale dukani, cherehani zinanguruma, redio inaimba, malori ya barabara ya Morogoro yanapita, wateja wanaingia na kutoka. Asubuhi na jioni tulimkanda mkono kwa mafuta ya nazi. Tulipewa karatasi yenye mazoezi kumi, tukaibandika ukutani. Tulimwambia, "Mama, fanya mazoezi yako," kisha tukarudi kwenye oda.

Hakufanya. Au alianza la kwanza akaachia hapo. Jambo lililotuudhi zaidi ni kwamba nguvu zilikuwa zinarudi. Ukimwekea kidole kiganjani na kumwambia "bana," anabana mpaka unaumia. Lakini mwenyewe hautumii. Kikombe anashika kwa kulia, kanga anajifunga kwa kulia na kwa meno, na upande wa kushoto wa kanga unaburura chini.

Siku moja ya Ramadhani, alasiri, mmoja wetu alimwomba amshikie ncha ya kitambaa wakati anapima. Hatutasema ni nani kati yetu. Kitambaa kikaanguka. Akamwomba tena, kikaanguka. Mara ya tatu, saumu imekaba na mteja anasubiri, akamwambia mama mbele ya mteja, "Mama, huo mkono wewe hutaki tu kuutumia. Unajilemaza mwenyewe."

Mama akamwangalia, akauliza kwa upole, "Mkono gani, mwanangu?"

Tulidhani anatujibu kwa kejeli. Usiku ule hatukulala vizuri, maana kumpandishia mama sauti ndani ya Ramadhani si jambo la kumwambia mtu. Lakini bado tuliona kosa ni la sauti. Maneno yenyewe tuliona ya kweli.

Baada ya Idi, mteja wetu mmoja alituelekeza kwa dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi tiba. Alifika dukani mchana, mama anakula. Hakuugusa mkono. Alisalimia, "Shikamoo mama," akavuta kigoda akakaa, akawa anatazama tu. Mama alipomaliza, akatuuliza, "Mmeiona sahani?"

Tuliitazama. Wali wa upande wa kulia ulikuwa umeisha. Wa upande wa kushoto ulikuwepo wote, pamoja na kipande cha samaki, umesimama kwenye mstari kama umekatwa kwa mkasi. Na sisi siku zote tulikuwa tunasema mama hana hamu ya kula! Yule dada akaizungusha sahani nusu duara. Mama akasema, "Kumbe mmeniongeza," akala samaki.

Kisha akachukua futi yetu ya kupimia, akainyoosha mezani mbele ya mama, sentimita 100, upande wenye namba ukiwa chini. "Mama, wewe ni fundi. Nionyeshe katikati." Mama akaweka kidole. Tulipoigeuza, kidole kilikuwa sentimita 62. Mama yetu, aliyekuwa anakunja kitambaa kwa jicho! Sisi wote wawili tulikwenda nyuma ya pazia la kupimia nguo tukalia.

Yule dada alitueleza kwa maneno mepesi. Alisema mtu akipata kiharusi, hasa cha upande wa kulia wa ubongo, anaweza kupoteza uangalifu wa upande wa kushoto. Jicho ni zima. Sikio ni zima. Lakini ubongo hauendi kuutafuta upande ule, ni kama haupo duniani. Anaacha wali wa kushoto, anagonga bega la kushoto mlangoni, anasahau mkono wa kushoto. Ukimuuliza, hajui kama amesahau, kwa sababu anayepaswa kumwambia ni ubongo uleule. "Mama aliposema mkono gani, alikuwa anawauliza kweli," alisema.

Sisi tulielewa kwa lugha ya dukani. Fundi yupo, cherehani nzima, umeme upo, lakini oda haimfikii fundi. Utampaka fundi mafuta ya nazi mpaka lini?

Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma kila tulichoweza kukielewa, na tunawaandikia yale tuliyoyashika.

Sisi watu wa kawaida tukisema akili tunamaanisha mambo mawili: mtu aongee vizuri na awatambue watu wake. Lakini akili ina vyumba vingi. Kipo cha kuangalia na kuendelea kuangalia. Kipo cha kukumbuka ulichoambiwa dakika mbili zilizopita. Kipo cha kupanga kitu hatua kwa hatua, na cha kujizuia. Mkono unavitegemea vyote hivyo. Kushika kikombe tu: ukione, ukumbuke unataka nini, upeleke mkono, ufungue vidole kabla hujafika, ukaze kwa kiasi, usiache mpaka ufike mdomoni. Nguvu ya msuli ni sehemu moja tu.

Na mkono uliopooza unapona kwa kujifunza upya. Ubongo unatengeneza njia nyingine kwa kurudia kitendo mara nyingi sana, kama ulivyojifunza kukanyaga cherehani ulipokuwa msichana. Kujifunza kunataka uangalifu na kumbukumbu. Ndiyo maana wawili wenye mikono iliyolegea sawasawa wanaweza kufika mbali tofauti: mmoja anaweza kufuata zoezi mpaka mwisho, mwingine analipoteza njiani. Karatasi yetu ya mazoezi kumi ilikuwa haina faida kwa mama, kwa sababu kabla hajafika la pili la kwanza limeshatoka kichwani.

Lipo na jambo jingine. Edward Taub, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba mkono ukishindwa mara nyingi mtu hujifunza kutoutumia, hata baada ya nguvu kurudi. Kutokana na hilo ikapatikana tiba ya kuufunga mkono mzima kwa glavu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani la wagonjwa 222, na wale waliofungwa mkono mzima kwa wiki mbili na kufanya mazoezi mengi walipata nafuu kuliko wenzao. Lakini wagonjwa wale walichaguliwa, wawe wanaoweza kufuata maelekezo na ambao mkono wao dhaifu ulikuwa umeanza kucheza. Kwa hiyo tafadhali, msisome hapa mkaenda kumfunga bibi mkono wake wa kulia. Anaweza kuanguka. Hilo ni la kufanywa na mtaalamu.

Na kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kina sura yake. Hapo Kibaha kuna mzee jirani yetu. Yeye mkono uliolegea ni wa kulia na maneno yalipotea. Ukimpa chanuo anakitazama, kisha anakipeleka mdomoni kama kijiko. Watoto wake waliona aibu, wakawa wanamficha wageni wakija, wakidhani amerukwa na akili. Hakurukwa. Ubongo wa upande ule ndio unaotunza mpangilio wa vitendo, jinsi kitu kinavyoshikwa na kutumiwa. Mkono unaweza kuwa na nguvu lakini umepoteza namna. Mtu kama huyo anasaidiwa kwa kushikwa mkono na kuongozwa taratibu, kitendo kilekile, mahali palepale, siku nyingi.

Msidhani ni habari za watu wachache. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wilayani Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, walikuta kwa kila watu 100,000 kiharusi kipya karibu 109 kwa mwaka kule Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Kibaha na Kisarawe zote zimepakana na Dar. Hao ni mama zetu.

Turudi kwa mama. Yule dada alitwambia mambo manne.

La kwanza, tupunguze kelele. Ubongo ulioumia hauwezi kuchuja redio, malori na wateja, na wakati huohuo kuutafuta mkono. Hapo tukaona kwamba tulimtoa Kisarawe kwa mapenzi, lakini tukamweka mahali pabaya kuliko pote kwa hali yake. Nyumbani kwake anajua maji yako wapi na mlango uko wapi. Tukaamua arudi, na sisi tupokezane, mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja wa Pwani, lakini ukipanda daladala unaingia kwanza Dar es Salaam, unateremka Mbezi, unaunga mpaka Gongo la Mboto, unapita Pugu, ndipo unapanda kilima. Nusu siku imekwenda. Tulirudisha oda za watu, wengine walitukasirikia na wana haki yao. Duka lililegea mwaka ule, hatutawaficha.

La pili, tumkalie upande wa kushoto. Tuzungumze naye tukiwa kushoto, chai tuiweke kushoto, ili kichwa kijifunze kugeuka. Na mkono wenyewe tuuwekee kitu chenye rangi ya kuita jicho. Tulimfunga uzi mwekundu wa sufi. Siku ya pili jirani akauliza kama mama amefungwa hirizi! Mama akaukata kwa mkasi. "Sijafikia umri huu nife na uzi mkononi," akasema. Tukafikiri, tukampaka hina, kiganja cha kushoto peke yake, mpaka kwenye kifundo. Hiyo aliipenda. Majirani wakamtania kwamba anaolewa nusu. Na kila jicho lake lilipoiona ile rangi, lilikuta mkono.

La tatu, jambo moja kwa wakati mmoja, tena alitamke kwa sauti. "Nachukua kikombe. Mkono wa kushoto, njoo." Sauti yake inamshikia uzi asiupoteze.

La nne, mazoezi tuyatie ndani ya vitu anavyovijua tangu utotoni, tuachane na karatasi. Hapo ndipo tulipokumbuka udhu.

Tulikuwa tunamtawadhisha sisi wenyewe, haraka haraka, tukidhani tunamrahisishia. Tulipomwachia atawadhe mwenyewe ameketi kwenye kigoda, birika upande wa kushoto, tuliona kila kitu wazi. Uso aliosha nusu. Mkono wa kulia aliosha mara tatu mpaka kwenye kiwiko, kisha akapaka maji kichwani. Wa kushoto aliuruka kama hakuzaliwa nao. Miaka hamsini ya kutawadha, na akauruka.

Tulimuuliza ustadhi wa pale mtaani. Akatwambia tumkumbushe kwa upole palepale, aoshe mkono ule kisha arudie viungo vinavyoufuata kwa mpangilio wake, na udhu wake utakuwa sawa. Kusaidiwa si kosa, lakini anachoweza kukifanya mwenyewe tumwachie. Ikawa ndiyo zoezi letu. Mara tano kwa siku, kulia kisha kushoto, kuhesabu mpaka tatu, mpangilio usiobadilika. Hakuna karatasi ya hospitali ambayo mama angeifuata mara tano kwa siku bila kulalamika. Udhu tunautoa kwa ajili ya ibada, si kwa ajili ya tiba, lakini tuliona namna rehema moja inavyobeba nyingine.

Swala ilikuwa na majaribu yake. Alikuwa anapoteza hesabu ya rakaa, na hilo lilimliza kuliko mkono. Tukamkumbusha alichotufundisha mwenyewe: mwenye shaka hujenga juu ya idadi ndogo, kisha husujudu sijda mbili za kusahau, na asiyeweza kusimama huswali ameketi. Tulianza kuswali naye jamaa, ili hesabu ibebwe na imamu. Akatulia.

Baadaye tukaongeza ukili. Kusuka ukili kunataka mikono miwili na kunataka kuhesabu. Mwanzoni kushoto kulikuwa kunashikilia tu, kulia kunasuka. Ukili wa miezi ya kwanza umepinda kama njia ya ng'ombe. Tumeuweka, hatutautupa.

Alikuwa pia na siku za giza, hataki kuoga wala kuzungumza, na tulidhani ni tabia. Tafiti nyingi zinasema karibu mtu 1 katika 3 hupata sonona baada ya kiharusi, na mwenye sonona hawezi kujifunza mkono. Mwambieni daktari habari hiyo, nayo ina tiba.

Mwezi wa Mfungo Sita, baada ya Maulidi, binamu yetu aliolewa. Alikataa kungwi mwingine. Sisi tuliogopa, maana mama alikuwa anaweza kurudia somo lilelile mara mbili katika saa moja. Tukakubaliana mmoja wetu akae kushotoni kwake, akirudia amguse goti. Alirudia mara moja tu. Ilipofika kumfundisha mwari kukunja doti la kanga, mama alishika pindo kwa kulia, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti mbele ya wote, "Na wewe wa kushoto, njoo." Wanawake wakacheka, na yeye akacheka. Mkono ukaja polepole na hina yake, ukashika ncha ya pili. Kanga ilikunjika. Katikati haikuwa katikati kamili, lakini haikuwa sentimita 62.

Leo mama anashika kikombe, anatawadha mwenyewe na mara nyingi hauruki mkono. Uzi kwenye sindano hawezi kutia. Akichoka, upande wa kushoto unapotea tena. Presha inapimwa, na dawa anameza kila siku hata akijisikia mzima.

Yule mmoja wetu aliyempandishia sauti alikwenda kumwomba radhi. Mama akauliza, "Lini?" Hakumbuki. Mwanawe alilia zaidi kwa hilo, kwa sababu utasamehewa vipi na mtu asiyekumbuka ulichomfanyia? Mama akamvuta kichwa mapajani. "Nimekusamehe hilo," akasema, "na lile ambalo hujaniambia."

Dada zetu mabibi harusi, siku zenu za harusi mama zenu hawalali, wanapika, wanapokea wageni, wanasahau dawa. Katika orodha zenu za hina na ukumbi ongezeni kimoja: presha ya mama, ipimwe. Na aliye na mgonjwa wa kiharusi ndani, asiuangalie mkono peke yake. Atazame sahani baada ya chakula. Atazame udhu. Atazame kama zoezi linaishia njiani, kama mtu anagonga mlango upande mmoja, kama anauliza mkono gani. Kisha ayapeleke hayo kwa daktari na mtaalamu wa mazoezi, ayataje moja moja, kwa sababu wao humwona mgonjwa dakika chache tu, na wewe ndiye unayekula naye.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na wenu, atusamehe tuliyowaambia wazazi wetu kwa kutojua, na awape subira wanaowauguza. Amin. Msitusahau katika dua zenu, hasa mama.

Wabillahi tawfiq.